Lori Kuukuu Halifi kwa Siku Moja

Juma hili nataka tuzungumze juu ya lori. Najua wengi wenu hamna lori, wala hamtazamii kulinunua. Lakini hakuna kijiji kisicholitegemea. Mahindi yetu, vitunguu vyetu, mabati ya nyumba zetu, saruji ya shule, hata majeneza ya ndugu zetu siku ya msiba, vyote huja na kwenda kwa lori la mtu fulani. Likiharibika njiani, hasara si ya mwenyewe peke yake. Tena siku hizi wako wazee waliouza ng'ombe, na vikundi vya wakulima waliochanga fedha, wakanunua lori lililokwisha kutumika miaka mingi huko Japani, nalo ndilo tegemeo lao. Kwa hao hasa ninaandika, na kwa madereva wao, na kwa wake zao pia. Kwa nini wake zao? Mtaona mbele.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Jirani yangu mmoja ana lori la dizeli la tani 4. Siku alipolinunua, saa yake ya kilomita ilikuwa imekwisha kupita 400,000. Hilo si jambo la kumtisha mtu, maana injini ya lori ikitunzwa yaweza kwenda mbali kuliko hapo. Basi siku moja lori lilipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa. Aliyepita njia ile aujua mlima Kitonga: unaacha bonde lenye joto na mibuyu, unaanza kupanda kona baada ya kona, gari linanguruma kwa gia ndogo, na kila mara unakuta lori la mtu limesimama pembeni, mawe yamewekwa nyuma ya tairi. Siku ile lililosimama lilikuwa la jirani yangu. Lilichemsha, likatoa moshi mweupe mwingi, kisha likazima. Dereva na utingo wake walilala pale siku mbili. Vitunguu vikahamishiwa lori jingine kwa malipo makubwa, na lori likavutwa mpaka Iringa.

Fundi alipoifungua injini alikuta gasketi imeungua na silinda hedi imepinda kwa joto. Gharama yote, pamoja na kuvutwa, ilikuwa bei ya ng'ombe wanne.

Jirani yangu alirudi nyumbani amekasirika mno. Akamwita dereva jioni, nami nilikuwapo barazani. Kijana alifika, akasema, "Shikamoo, Mzee." Mzee hakuitikia vizuri. Akamwambia, "Wewe umeniulia gari. Umelikimbiza mlimani kama unafukuzwa. Kesho lete funguo, nitatafuta mtu mwingine."

Yule kijana ana mke na watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa akitazamia kuingia shule ya sekondari. Hakubishana. Alitia mkono mfukoni akatoa daftari dogo la shule, lililokwisha kuandikwa hesabu za mtoto upande mmoja. Akasema, "Mzee, nakuomba utazame hili kwanza." Mzee akageuza uso. Ndipo mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele, akaweka ungo chini, akalichukua daftari akasoma kwa sauti: "Jumatatu, nimeongeza maji lita 1. Alhamisi, maji lita 1 na nusu. Jumanne, lita 2, nimemwambia Mzee. Jumamosi, lita 3, nimemwambia Mzee. Jumatano, lita 4, nimemwambia Mzee, amesema tumalize kwanza vitunguu."

Mama yule akafunga daftari. Sote tukanyamaza. Mzee akatazama chini muda mrefu, kisha akasema, "Ni kweli. Aliniambia."

Wasomaji wapenzi, lori lile halikufa siku ile Kitonga. Lilikuwa likifa kwa majuma matatu, tena likisema kila siku, na hakuna aliyelisikiliza ila kijana mmoja mwenye kalamu. Hilo ndilo ninalotaka mlishike leo: gari kuukuu huharibika kidogo kidogo, na mtu anayeandika huona mapema. Pia, ukikitengeneza kilichovunjika bila kutafuta kilichokivunja, umelipa fedha ili uharibikiwe mara ya pili.

Sasa tuulize: ni nini kilichoivunja injini ile?

Miezi kadha kabla ya hapo, fundi mmoja wa njiani alikitoa kile kidude kiitwacho thamostati, akakitupa. Akasema, "Hiki ni cha nchi za baridi. Huku kwetu hakina kazi, kinazuia maji tu." Mzee akafurahi, maana kununua kipya kungemgharimu bei ya kuku wawili. Wengi husadiki maneno hayo hata leo. Lakini thamostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, maji huzunguka ndani tu kwa njia fupi, ili injini ipate joto lake upesi. Injini ikipata joto, mlango hufunguka, maji yakaenda kwenye rejeta kupoa. Na katika injini nyingi za malori, mlango ule ukifunguka upande wa rejeta huifunga ile njia fupi. Ukiutoa, njia fupi hubaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Tambarare hutaona shida, lakini mlimani lori likiwa na mzigo, maji yanachemka. Kumbe kile kilichotolewa ili injini ipoe ndicho kilichoifanya ichemke!

Shida haikuwa moja. Utingo alikuwa akijaza rejeta kwa maji ya mto. Maji ya namna ile huacha udongo na chumvi ndani ya mirija myembamba ya rejeta, kama vile birika la chai linavyoshika ukoko mweupe. Mirija ikaziba nusu. Basi fundi wa Iringa, aliyekuwa mtu mwangalifu, alikataa kuifunga injini kabla rejeta haijaoshwa na thamostati mpya haijatiwa. Angebadilisha gasketi peke yake, ingeungua tena kabla ya mwaka kwisha.

Nawapa sasa mambo ya kuangalia kwa kila mwenye lori la zamani, hasa lililotoka kutengenezwa.

Kwanza, ijue injini yako. Injini ya dizeli ina jina la mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ilijaribiwa mbele ya wataalamu huko Augsburg mwaka 1897, ikafaulu. Haina plagi za kuwasha moto kama injini ya petroli. Pistoni huibana hewa mpaka inabaki sehemu kama moja ya kumi na nane, na hewa ikibanwa hivyo hupata joto la zaidi ya digrii 500. Ndipo nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii hutaka vitu vichache: hewa safi, dizeli safi, oili nzuri, na maji ya kuipoza. Ukiipa hivyo, itakutumikia. Ukiinyima kimoja, haitakusamehe.

Pili, dizeli. Ndani ya pampu na nozeli vyuma vimekaribiana kwa nafasi ya elfu chache za milimita, nyembamba sana kuliko unywele. Chembe ya mchanga usiyoiona kwa macho huvikwaruza, na maji huvishikisha kutu. Wengi vijijini hununua dizeli kwa madumu na mapipa. Haya, liache pipa limetulia siku nzima, maana maji ni mazito kuliko dizeli, nayo hushuka chini pamoja na taka. Chota juu, usichote mpaka chini. Chuja unapotia. Jaza tangi jioni kazi ikiisha, maana tangi tupu usiku hufanya umande ndani yake. Na kama chujio lako lina kizibo cha kutolea maji chini, kifungue kila juma mpaka dizeli safi itoke.

Lori likivuta hewa kwa kuishiwa dizeli, usiendelee kupiga stata mpaka betri ife. Legeza skurubu ya kutolea hewa juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke tupu, kisha kaza. Hiyo ni kwa magari ya zamani. Malori mapya yenye kompyuta hubana dizeli kwa nguvu kubwa mno, na mtu asiyefundishwa asiguse mabomba yake injini ikiwa inanguruma. Na hata kwa nozeli ya zamani, usiweke mkono mbele yake. Dizeli ile yaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini hatari yake ni kubwa. Aliyepatwa aende hospitali saa ile ile, asingoje maumivu.

Tatu, hewa. Vumbi la barabara zetu ni mchanga, na mchanga husaga vyuma. Chujio la hewa lisafishwe kwa kupuliziwa toka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Usilipige kwenye tairi kama unavyokung'uta mkeka. Karatasi yake hupasuka, nawe hutajua. Tena pitisha mkono kwenye lile bomba la mpira litokalo kwenye chujio. Likiwa na ufa, chujio lako ni pambo tu.

Nne, oili. Pima kila asubuhi, gari likiwa mahali sawa, kabla hujawasha. Usishtuke ukiiona nyeusi, maana injini ya dizeli huifanya oili nyeusi upesi. Lakini ukiiona kama chai ya maziwa, maji yameingia. Zima gari, usiende hata hatua. Oili ibadilishwe pamoja na chujio lake kwa kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha gari; na kwa njia ya vumbi na mizigo mizito, kabla ya hapo. Injini iliyotoka kufunguliwa ibadilishiwe oili mapema mara ya kwanza, maana hubeba takataka za kazi ile. Na kama gari lina tabo, baada ya kupanda mlima usizime mara moja. Liache lingurume polepole dakika mbili tatu, tabo ipoe.

Tano, maji. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Mahali pa juu kama Iringa, penye zaidi ya mita 1,500, huchemka kwa digrii 95 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyabana yasichemke upesi, kwa hiyo kifuniko kilicholegea ni ugonjwa, si jambo dogo. Tia maji safi pamoja na dawa yake ya rejeta ya kuzuia kutu. Mkanda wa feni ubonyeze kwa kidole gumba: ukizama sana umelegea, ukiona nyufa ubadilishe, nao wa akiba uwemo garini. Gari likichemsha, simama, usifungue kifuniko likiwa la moto, maana maji yataruka usoni. Wala usimwagie injini maji baridi, chuma cha moto hupasuka. Keti kivulini ungoje. Kungoja saa moja ni rahisi kuliko ng'ombe wanne.

Sita, jifunze kusoma moshi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa haba: tazama chujio la hewa, nozeli, na uzito wa mzigo wako. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyowaka au maji yaliyoingia kwenye silinda. Tena fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma polepole: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka, nawe anza kuweka akiba ya fedha sasa, kabla injini haijaidai yenyewe.

Saba, breki. Hapa sizungumzi tena habari za fedha, bali uhai wa watu. Wako madereva wanaoshuka mlima gari likiwa huru bila gia, eti waokoe dizeli. Gari la namna hiyo lashikwa na breki peke yake. Breki hupata moto, na zikipata moto mno hazishiki. Shuka kwa gia ndogo, kama ile ambayo ungepandia. Kama gari lako lina breki za upepo, toa maji katika mitungi yake kila siku. Na wewe mwenye gari, dereva akikuambia breki hazishiki vizuri, usimjibu "maliza kwanza safari hii." Kwa maneno kama hayo watu wamezikwa.

Nane, daftari. Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Halihitaji elimu kubwa. Piga mistari: tarehe, kilomita, dizeli lita ngapi, oili uliyoongeza, maji uliyoongeza, neno la dereva. Usitazame siku moja, tazama juma kwa juma. Lori linalokula oili nusu lita kila juma mwaka mzima ni mzee mwenye afya yake. Lori lililokula nusu lita, kisha moja, kisha mbili, hilo linaita. Dizeli nayo husema hivyo hivyo: ikiwa njia ni ile ile na mzigo ni ule ule, lakini lita zinazidi, kuna jambo. Gasketi, mkanda, chujio, kila kilichobadilishwa kiandikwe na kilomita zake, ili fundi asiuze kwako mara mbili kitu kile kile.

Lakini daftari halina faida kama anayelisoma hataki kusikia. Huyu jirani yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni, na mwenye deni huona kila siku gari lililolala kuwa ni hasara. Hata mimi ningaliweza kusema, "maliza kwanza vitunguu." Dereva naye aliogopa kusimamisha gari kwa amri yake mwenyewe, asije akaambiwa ni mvivu. Basi wakakubaliana jambo moja jioni ile, na mama akiwa shahidi: maji yakipungua zaidi ya lita 1 kwa siku, au breki zikilegea, au oili ikibadilika rangi, dereva ana ruhusa ya kusimama popote, hata mzigo ukiwa juu, wala hatakatwa mshahara. Neno hilo liliandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Tangu siku ile daftari analiweka mama. Kila Jumamosi jioni dereva huja, hukaa kwenye kigoda, naye humsomea. Mama hajui kufungua hata nati moja. Lakini ni yeye aliyeuliza mwezi mmoja, "Mbona dizeli ya safari ya Makambako imezidi lita 10 na mzigo ni ule ule?" Wakatazama, wakakuta breki ya gurudumu moja la nyuma inashika wakati wote, na ringi ya gurudumu imekuwa ya moto kiasi cha kuchoma mkono. Mama ndiye aliyeikuta, kwa hesabu tu. Kama wangaliiacha, pengine tairi lingewaka moto njiani.

Lori lile bado linatembea. Saa yake imepita 500,000. Lavuja oili kidogo, mlango mmoja hufungwa kwa kamba, na asubuhi za baridi hukohoa kabla ya kuwaka. Lakini limekwisha kupanda Kitonga mara nyingi tangu hapo bila kusimama. Mtoto mkubwa wa dereva sasa yuko kidato cha pili, na daftari lake la hesabu, lile la kwanza, Mzee amelihifadhi sandukuni pamoja na kadi ya gari.

Basi, mwenye lori na anunue daftari kesho. Bei yake haifiki hata ya yai chache. Na dereva akija na neno, mwacheni amalize kusema.

Tuonane juma lijalo.